Marehemu Haroub na Mabaharia Wasio na Vichwa

Mume wangu Haroub, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa fundi cherehani hapa Mkoani. Alishona kanzu, na alizishona vizuri, lakini tangu tumzike mwezi wa Shaaban, akina mama wanaokuja kunipa pole hawazungumzi kanzu. Wanakaa kwenye jamvi, wanamsomea Fatiha, wanapangusa nyuso, kisha macho yanapanda kwenye rafu za ukumbini, na mmoja ananiuliza, "Bi Mardhiya, ni kweli ile ya nahodha wa Bi Thuraiya?" Mimi niko edani, sitoki. Nimechoka kuisimulia kwa mdomo na kuisikia ikirudi kwangu imetiwa chumvi. Naiandika hapa kama ilivyokuwa, wajukuu wasije wakaipokea kwa jirani yetu Fahmi.

Haroub hakuwa mtu wa bahari. Akipanda boti ya kwenda Unguja, alitapika ikiwa bado imefungwa gatini. Makoongwe, ambako ukisimama Mkoani unaiona minazi yake, alikwenda kwa ajili ya maziko ya mjomba wake tu, na alirudi amelazwa chini ya dau kama mzigo wa muhogo. Lakini vyombo alivipenda mno. Kila siku baada ya swala ya alasiri alifunika cherehani, akatandika gunia, akaanza kuchonga. Mbao zake zilikuwa vipande vya mfenesi alivyoomba kwa mafundi wa madau kule Chokocho, na matanga aliyashona kwa mabaki ya vitambaa vya kanzu, kwa mshono ule ule mdogo mdogo wa kwenye kola ya kanzu.

Hakutengeneza vitu vya kuchezea watoto. Kila chombo, hata kiwe na urefu wa mkono, kilikuwa na mkuku wake chini na mataruma yake, zile mbavu za ndani, ingawa zikishapigiliwa mbao juu yake hakuna mtu angeziona tena.

"Usipozitia nani atajua?" nilimwuliza.

"Panya," akasema.

Na mianya aliiziba kwa pamba na sifa, yale mafuta ya ini la papa, kama wanavyofanya kwenye vyombo vya kweli, wakati chake kisingetoka rafuni maisha. Sasa sifa hainuki, inatangaza. Na kanzu za watu zilining'inia chumba hicho hicho. Idi moja safu nzima ya mbele msikitini ilinuka papa, kila mtu akimshuku mwenzake, na imamu akaifupisha hotuba.

Watu walimletea pia vyombo vya zamani, vile vilivyokuwa mapambo majumbani, vilivyoliwa na mchwa au kuvunjika milingoti. Alivitengeneza kwa radhi tu. Tatizo lilikuwa watu. Sisemi wenye vyombo, nasema watu wa ndani ya vyombo.

Haroub alikuwa mcha Mungu. Alisoma chuoni kwamba mwenye kuchonga sura ya kiumbe chenye roho ataambiwa Siku ya Kiyama aitie roho, naye hataweza. Lakini chombo kisicho na watu alikiona kama nyumba iliyohamwa. Alipata njia yake katika maneno ya wanavyuoni, kwamba sura ni kichwa, na kisicho na kichwa si sura. Basi mabaharia wake wote waliishia shingoni. Walivuta kamba, walibeba magunia ya karafuu, mmoja alipika wali nyuma kwenye tezi, wote bila vichwa, na wote wametulia kama watu waliozoea.

Jirani yetu Fahmi aliwahi kuwa baharia, na sasa kazi yake ni kukaa barazani kwetu na kukosoa.

"Yakhe Haroub, hawa wamepita chini ya nini?"

"Hawana neno hawa."

"Na huyu mpishi, anaonjaje chumvi?"

"Mbona kuna wenye vichwa wanapika na hawaonji," akasema Haroub, akanitupia jicho.

Mambo yalikuwa hivyo mpaka alipokuja Bi Thuraiya.

Bi Thuraiya ni mama yake Haroub wa kunyonya. Mama aliyemzaa aliugua baada ya kujifungua, na Bi Thuraiya, aliyekuwa jirani na ana mtoto mchanga wake, akamweka titi la pili. Kwa hiyo ni mama, kwa sheria na kwa kila kitu, na Haroub hakuwahi kumkatalia jambo. Nyumba yake iko juu mlimani. Siku hiyo alishuka na mke wa mwanawe, Shamima, wamebeba mfano wa jahazi uliofungwa kwenye kanga. Jahazi lenyewe, la kweli, lilikuwa la baba yake, Mzee Saud, aliyepakia karafuu kwenda Mombasa zamani hizo. Fundi mmoja alimtengenezea mfano wake akiwa hai, na kwenye tezi, nyuma kabisa ya chombo, akamchonga Mzee Saud mwenyewe amesimama, mkono kiunoni.

Sasa mchwa walikuwa wamekula ubavu mmoja. Na Mzee Saud hakuwa na kichwa. Paka alirukia mjusi juu ya kabati, chombo kikaanguka, kichwa kikaviringika kikapotea, na inawezekana kuku wamekimeza.

"Mwanangu," Bi Thuraiya akasema, "macho yangu yanakwenda. Mtoto wa jicho kashafunika hili, na hili linafuata. Kabla halijafunga nataka nimwone babangu mzima mahali pake. Utanitengenezea?"

"Inshallah, mama," akasema Haroub. Hakuwa amesikia vizuri. Alikuwa amekigeuza chombo juu chini, anautazama mkuku, anatabasamu peke yake.

Walipoondoka ndipo akaniuliza, "Kasema anamtaka babake vipi?"

"Mzima."

"Mzima vipi?"

"Baba Laila," nikamwambia, "mtu mzima ana kichwa."

Akakaa chini juu ya gunia.

Ilikuwa vigumu kweli kwake, msicheke. Kumvunja moyo mama ni jambo kubwa. Lakini hakuna kumtii kiumbe katika kumuasi Muumba, na hili Haroub alilijua kama anavyojua jina lake. Na jicho la Bi Thuraiya halikumngoja mtu. Akaenda kwa Shehe Mbarouk, imamu wetu, akarudi naye, wakakaa barazani, na kwa kuwa ni baraza, Fahmi akawamo.

"Ubavu tengeneza," Shehe akasema. "Tanga tengeneza. Kichwa, Haroub, mimi sikupi ruhusa."

"Je, nikimfunika, Shehe? Nikimtilia kitu pale juu, mtu akitazama adhani kichwa kipo?"

Shehe akafikiri. "Kufunika hakuna ubaya. Ilimradi chini yake pasiwe na kitu."

Hapo ndipo mtihani ulipoanza. Kwanza akamtilia mwavuli. Alitengeneza mwavuli mdogo mzuri mno, wa kitambaa cheusi, njiti zake sindano za cherehani zilizovunjika, umefunguliwa na kuteremshwa mpaka mabegani. Bi Thuraiya akaletewa.

"Nini hiki?"

"Mwavuli, mama. Jua kali."

"Babangu kapigwa na jua la bahari maisha yake yote. Hakuwa mtalii."

Akamtilia gunia la karafuu begani, limeinama likafunika shingo. "Babangu alikuwa mwenye chombo, hakuwa hamali." Akamtilia kilemba, kilemba kitupu, kimekaa juu ya shingo kama kata ya mtungi. Hicho Bi Thuraiya alikigusa kwa kidole, kikazama ndani, akapiga ukelele. Mwisho Haroub akamfunika shuka kutoka juu, na hapo hata mimi niliingilia kati, maana alionekana anakwenda kuzikwa.

"Mtie ndani ya chumba cha nahodha," akasema Fahmi. "Kisha mchonge miguu tu, imetokeza mlangoni. Kalala."

"Nahodha kalala?"

"Nimesafiri na manahodha mimi. Wanalala."

Haroub akakonda. Kanzu za harusi zilimlalia. Alishona mfuko wa bwana harusi mmoja upande wa ndani.

Kisha ikawa magharibi moja nimesimama kuswali ukumbini. Yeye alikuwa ametangulia msikitini, amerudi, anangoja chai. Nikasujudu. Nikamsikia ananyanyuka nyuma yangu, anakuja mbio.

"Mardhiya! Usinyanyuke!"

Mtu akiwa kwenye swala hazungumzi. Nikabaki nimesujudu, nadhani kuna nyoka. Nikahisi kitu baridi mgongoni. Ilikuwa tepu yake ya kupimia nguo. Alinipima kutoka nyonga mpaka bega, akanipima kisigino, akapima pembe ya kiwiko, huku anajisemea, "Hakionekani! Subhanallah, hakionekani kabisa!" Hapo nikacheka kwa sauti, swala ikabatilika, ikabidi nianze upya kuanzia takbira, na chai ikapoa.

Ndivyo Mzee Saud alivyosujudu. Haroub alimchonga upya kwa kipande cha mfenesi, magoti chini, viganja chini, vidole vya miguu vimekunjwa sawasawa. Pale penye paji la uso alitoboa tundu kwenye sitaha, shingo ikaingia humo. Kichwa hakikuwako popote. Lakini ukitazama, wallahi, unaona mtu mzima aliyeteremsha uso wake mbele ya Mola wake.

Shehe Mbarouk alikuja kukagua. Alimchomoa Mzee Saud kwa vidole viwili, akachungulia tundu kwa tochi ya simu, akamrudisha.

"Hamna kitu," akasema. "Safi. Mfano umehifadhika na dini imehifadhika."

"Na chombo nani anakiendesha?" akauliza Fahmi.

Haroub akauangalia usukani.

"Nauliza tu. Nahodha kasujudu. Usukani nani kaushika? Au mnataka wapande mwamba wote?"

Ilikuwa haki yake. Haroub akaongeza baharia kwenye usukani, bila kichwa kama desturi.

"Alhamdulillahi," akasema Fahmi. "Asiye na macho ndiye anayetazama njia."

Shehe alikuwa ameshavaa viatu. Akavivua tena. "Haroub, kibla chake wapi?"

Haroub hakuwa amelifikiria hilo. Mzee Saud alielekea omo, yaani mbele ya chombo. Kumgeuza ubavu haikuwezekana, tezi ni nyembamba, makalio yangetokeza nje juu ya maji, na hilo lisingekuwa heshima kwa baba wa mtu. Kwa hiyo chombo chenyewe lazima kielekee kibla. Na chombo kinakaa ndani ya kabati la vioo. Basi kabati ligeuzwe.

Tukakipandisha mlimani siku ya Alhamisi, Haroub ameshika omo na Fahmi ameshika tezi. Shehe alitangulia na simu yake yenye dira. Bi Thuraiya alikuwa chumbani amelala kidogo, nasi tukaona bora tupange kwanza, akitoka akute kila kitu tayari.

Kabati lile refu lilikuwa limeegemezwa ukuta wa upande wa kibla. Kuligeuza maana yake likae katikati ya ukumbi, omo ikielekea ukuta ule, na mgongo wake ukielekea mlango wa nje. Mgeni akiingia anapokewa na ubao wa nyuma, utando wa buibui na stika ya bei ambayo haikuwahi kubanduliwa. Kati ya omo na ukuta ilibaki njia moja tu, ya kwendea vyumbani.

Shamima akatoka ndani na sinia la kahawa. Akaja mpaka pembe ya kabati, akamwona Mzee Saud, akasimama.

"Lete kahawa, mwanangu," Shehe akamwita.

"Nangoja amalize, Shehe."

"Nani?"

Akaonyesha kwa kidevu. Kwetu mtu hapiti mbele ya anayeswali. Tunafundishwa kabla hatujajua kufunga kamba za viatu, miguu yenyewe inajua. Tukamtazama Shamima, tukamtazama Mzee Saud. Hakuna aliyecheka, kwa sababu hakuna aliyekuwa tayari kupita.

"Huyo ni ubao," akasema Shehe, lakini taratibu.

"Najua, Shehe. Basi pita wewe."

Shehe akanyanyuka, akakaza kanzu, akaenda mpaka kwenye ile njia. Akasita. Akageuka, akatoka mlango wa mbele, akaizunguka nyumba yote akipita bandani kwa kuku, akaingia kwa mlango wa jikoni, akatokea nyuma ya Shamima na kupokea sinia mwenyewe. Kisha akarudi nalo kwa njia ile ile. Kahawa ilifika na unyoya.

"Tuwekeni sutra," akasema akipumua. Sutra ni kile kizuizi anachoweka mtu mbele yake anaposwali, ili wapitao wapite bila kumkatiza. Haroub akapapasa mfukoni, akatoa tondoo yake, ile kofia ya chuma ya kidole cha fundi, akaitega mbele ya pua ya Mzee Saud, yaani mbele ya mahali pua ingekuwa. Shamima akasema bismillahi, akapita. Wote tukashusha pumzi.

Ndipo Bi Thuraiya akatoka. Alikuja akishika ukuta. Tukampisha, Haroub akafungua kioo, akampa mkono.

"Yuko wapi?"

"Huyu hapa, mama. Mzima."

Alisogeza jicho lake zuri karibu, halafu akaona halitoshi, akatumia mkono. Akagusa visigino. Akapanda mgongoni. Akashuka begani, kwenye kiwiko, kwenye kiganja. Akafuata shingo kwa kidole mpaka ikaishia kwenye mbao. Akakaa hapo hapo na kidole chake.

"Kasujudu," akasema Bi Thuraiya.

"Kasujudu, mama. Kichwa kiko chini."

"Huyu si babangu."

Haroub akafumba macho.

"Babangu alikuwa haswali," akasema Bi Thuraiya.

Neno kama hilo halisemwi, tena mbele ya Shehe. Shehe akatazama kikombe chake. Fahmi, ambaye ana neno kwa kila kitu, akawa anakuna goti.

"Haswali kabisa. Mama alimtandikia msala, yeye akauruka akatoka. Akisema, bahari haina msikiti. Kisha akirudi nchi kavu anasema, kachoka na bahari. Mtu mzuri, karimu, lakini haswali. Kafa hivyo. Nami tangu afe, hakuna swala niliyoswali ila nimemwombea, na kila nikimwota namwona amesimama vile vile, mkono kiunoni."

"Mama," akasema Haroub, "nisamehe. Nitamtoa. Nitamsimamisha kama alivyokuwa, nitatafuta njia..."

"Mguse uone," akasema Bi Thuraiya. Alikuwa amemfunika Mzee Saud kwa kiganja kizima. "Mguse tu. Nitakutoa radhi."

Haroub akarudisha mkono wake nyuma.

"Bi Thuraiya," akasema Fahmi, "lakini kumwacha hivi si ndiyo itakuwa uongo?"

"Nyamaza, Fahmi," akasema Shehe.

Bi Thuraiya hakuwasikia. Aliinamisha kichwa mpaka shungi likagusa tanga. "Haroub, mwanangu. Kaanza lini?"

"Nini, mama?"

"Kusujudu."

Haroub akafikiri kweli kweli, kama mtu anayeulizwa na kadhi. "Jumatatu," akasema. "Baada ya alasiri."

"Alhamdulillahi," akasema Bi Thuraiya. "Kachelewa, lakini kaanza." Akalia, na Shamima akalia, na mimi, na Shehe Mbarouk akatoka nje kwenda kutazama kuku.

Tuliteremka mlima. Karibu na nyumbani Haroub akaniuliza, "Mardhiya, mimi pale nimemtengeneza au nimemuharibu?" Nikamwambia anawe mikono, ananuka papa.

Aliishi baada ya hapo, akachonga vyombo vingine viwili ambavyo sijui nani ataviwekea matanga. Siku moja alikuwa anatia uzi kwenye sindano, akaniambia kifua kinabana, na kabla gari haijafika alikuwa keshakwenda. Inna lillahi wa inna ilaihi raji'un.

Juzi Bi Thuraiya kaletwa kunipa pole. Jicho la pili limeshafunga sasa. Alikaa karibu nami, akanipapasa uso. Wakati anaondoka nilimwuliza babake hajambo, maswali ya ovyo, mtu akiwa na msiba husema lolote. Akasema Shamima humfuta vumbi kila Ijumaa, na watu wanapita kwa adabu.

"Zamani nilikuwa namwombea mmoja," akasema. "Sasa nawaombea wawili. Wewe usiwe na wasiwasi, mwanangu, Haroub simsahau. Namtanguliza yeye, kisha babangu."